Bungu: Kitanda kipo, kibali kiko wapi?

*Milima ya Usambara imelaza wageni mashambani kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini vitanda vingi viko misheni, kwenye mashamba makubwa na kwenye taasisi. Sasa mkulima wa ekari mbili naye anautaka mgao wake. Apimwe kwa kipimo gani?*

Gari la mwisho kuteremka Korogwe likishaondoka, Bungu hubaki na ukungu, moshi wa majikoni na sauti za watu wanaoitana kutoka mteremko mmoja hadi mwingine. Ndipo hujitokeza kijana mwongoza watalii na wageni wake wawili. Viatu vimeshika tope jekundu, wametoka upande wa Bumbuli kwa miguu kupitia Dindira, na hawana pa kulala.

Anayefuatwa ni mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, juu kidogo ya barabara. Watoto wake wawili wako Dar es Salaam, na vyumba walivyoacha vina vitanda, magodoro na vyandarua. Mzee anataka kuwapokea. Mkewe ameshabandika maji jikoni. Lakini kabla ya kusema karibuni, mzee anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti naye anampigia mtendaji wa kijiji. Mtendaji anauliza swali moja tu: hao ni wageni wa familia au ni wateja?

Jibu linajulikana hata kabla ya swali. Ni wageni wa familia. Asubuhi wataacha noti kadhaa chini ya sahani, na hakuna atakayeandika risiti.

Mzee huyu sikumpa jina kwa sababu si mtu mmoja. Huo ndio utaratibu usioandikwa katika vijiji vingi vya Usambara Magharibi ambako watembeaji hupita na gesti hakuna. Kila mtu anaujua, serikali ya kijiji ikiwemo, na kila mtu ana sababu ya kunyamaza.

Bungu ninayoizungumzia ni ya Wilaya ya Korogwe, juu milimani, si ile ya Kibiti ambayo wasafiri wa Lindi huipita kwenye lami. Ukitoka Korogwe unaanza na katani ya Kwashemshi kwenye joto la bondeni, kisha barabara inaanza kupinda na kupanda. Hewa inabadilika, migomba inaanza kufunika nyumba, na upande wa Dindira chai inatandaza kijani chake hadi ukingoni mwa msitu. Ni barabara ileile inayoendelea hadi Bumbuli na kutokea Soni, ambayo ahadi za lami yake zimesikika katika kampeni nyingi. Wakati wa masika kuipita kunategemea dereva, tairi na dua.

Vitanda vya misheni

Anayedhani kulala shambani ni wazo jipya lililoletwa na watalii wa simu za kupigia picha hajaitembelea milima hii.

Anzia Lutindi, katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na ndiyo hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT). Wagonjwa wanaopata nafuu hushika jembe na kuchuma chai, kwa sababu kazi ya shamba ni sehemu ya tiba. Wageni wanaokwenda kuona kazi hiyo wamekuwa wakipewa vyumba hapohapo. Sijui mahali pengine nchini ambapo mtu anaweza kuamka katikati ya chai na kugundua kuwa waliomtangulia shambani ni wagonjwa wanaorudi kwenye maisha yao.

Nenda Sakharani, karibu na Soni. Shamba lilikuwa la Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani ambaye askari wake walimwita Bwana Sakarani, na ambaye aliuawa katika vita vya Tanga Novemba 1914. Baadaye likawa la watawa Wabenedikto. Wanalima makadamia, wanafuga nyuki, wanatengeneza mvinyo, na wanapokea wageni. Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, ni shamba la Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Mgeni hupewa mkate, jibini na jemu iliyopikwa hapohapo, akala akitazama miti, na akitaka analala.

Mazumbai ina kisa chake. Familia ya walowezi Waswisi, akina Tanner, ilikuwa na shamba huko upande wa Bumbuli, na msitu uliopakana na shamba hilo haikuukata. Mwaka 1968 msitu ukakabidhiwa kwa chuo kikuu, na leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nyumba yao, iliyojengwa kwa mtindo wa kwao milimani, imelaza watafiti wa mimea, wa ndege na wa vyura kwa miongo mingi.

Wale wanaotembea siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae nao wanajua kuwa Rangwi pana watawa wa kike wenye vyumba safi na supu ya moto. Hapo ndipo wengi hukata safari yao katikati.

Jumlisha hao wote, kisha utafute mkulima mdogo wa Kishambaa yuko wapi katika orodha. Mara nyingi ndiye aliyebeba begi. Au ndiye aliyeuza karoti kwa jiko la misheni. Chumba chake mwenyewe hakimo.

> Vitanda vya shambani vimekuwepo Usambara kwa karne nzima. Kilichokosekana ni kitanda cha mkulima mwenyewe.

Sababu si uvivu wala woga wa wageni. Kimweri ye Nyumbai alimpokea Ludwig Krapf huko Vuga mwaka 1848, akampa chakula na mahali pa kukaa, na wala hakuna aliyeona ajabu. Tofauti iko kwenye karatasi. Misheni ina hati ya ardhi, ina mhasibu, ina mtu wa kwenda mjini kufuatilia leseni hata kama itachukua wiki tatu. Mwenye ekari mbili Bungu ana jembe, ana kahawa kidogo chini ya migomba, na ana shughuli nyingine siku hiyo.

Chai ilipokosa mnunuzi

Kwa nini mkulima aanze kufikiria wageni sasa? Uliza kuhusu chai.

Kiwanda cha Mponde, katika Halmashauri ya Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro mrefu kati ya wakulima na mwekezaji. Chai haiwezi kungoja. Jani likichumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo ni takataka. Kiwanda kilipofungwa, familia zilizozoea fedha ya jani zikabaki na mashamba yaliyoota hadi kuwa miti. Wengine waliyang'oa wakapanda mahindi. Serikali ilikichukua kiwanda baadaye na kuanza juhudi za kukifufua, lakini miaka ile haikurudi, na walioona jirani zao wakiumia walijifunza kutotegemea zao moja na mnunuzi mmoja.

Mboga nazo zina mateso yake. Kabichi, karoti, nyanya na viazi vya Lushoto ndivyo vinavyojaza soko la Kariakoo, lakini bei inapangwa na dalali ambaye hajawahi kushika udongo wa huku. Mfuko wa viazi hufungwa lumbesa, mkulima akalipwa kama gunia la kawaida. Mvua ikikata njia siku mbili, matenga ya nyanya yanaanza kuvuja maji.

Hapo ndipo chumba kinapoingia kwenye hesabu ya mkulima. Mgeni analala, anakula makande au ndizi za hapohapo, ananunua asali, anamlipa kijana wa kumtembeza. Tena huyu ni mgeni wa ajabu: kile ambacho methali inampa mgeni siku ya tatu, yeye yuko tayari kukilipia tangu siku ya kwanza. Anataka kuchuma chai, kuvuna kahawa, kukoboa kwa mchi na kuikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha udongo. Wakulima wa Materuni, chini ya Kilimanjaro, wamekuwa wakiuza kazi hiyo kwa wageni kwa miaka, na kahawa yao haina tofauti kubwa na ya huku.

Watalii wenyewe wapo. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa 2,141,895. Wengi wao wanakwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar, na kwenye ramani zao Tanga ni jina linaloonekana dirishani mwa basi. Lakini hata wachache kati yao wakipanda milima hii, na Watanzania wa Dar es Salaam wanaokimbia joto la Januari wakiongezeka, vyumba vilivyopo Lushoto mjini haviwafikishi Bungu.

Mradi wa kuwafikisha mashambani ulishajaribiwa. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha utalii wa utamaduni Tanzania, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Vijana walifundishwa kuongoza wageni, njia zikachorwa, na sehemu ya malipo ikatengwa kwa ajili ya shule na maji ya vijiji. Bodi ya Utalii ikaurithi mpango huo. Ulileta faida ambayo haibishaniwi. Lakini ulijengwa juu ya kutembea, yaani mgeni apite shambani, apige picha, aulize maswali, kisha usiku arudi mjini. Na usiku ndio wenye fedha.

Mlango baada ya mlango

Tuseme mzee wetu ameamua kuachana na hadithi ya wageni wa familia. Anataka kufanya biashara mchana kweupe. Afanyeje?

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara ya kulaza watalii asajiliwe na awe na leseni chini ya wizara ya utalii. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inampeleka kwa afisa biashara wa halmashauri. TRA inataka awe na namba ya mlipakodi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamleta bwana afya kukagua choo, maji na jiko. Halmashauri ina ushuru wake wa nyumba za kulala wageni. Polisi na Uhamiaji wanataka daftari lenye jina la kila aliyelala, uraia wake, namba ya pasipoti, alikotoka na anakokwenda.

Kila mlango una sababu yake. Hakuna anayetaka mgeni aumwe tumbo kwa maji machafu, au mhalifu ajifiche kwenye chumba cha uani bila kujulikana. Mzigo unatoka kwenye idadi ya milango na umbali kati yake. Kila karatasi ni safari ya kuteremka bondeni, na safari ya kuteremka ni siku nzima ya palizi iliyopotea. Kwa mwenye vyumba arobaini gharama hiyo inagawanyika. Kwa mwenye vyumba viwili, vinavyopata mgeni mara chache kwa mwezi, inaila faida kabla mgeni hajafika.

Kuna pia kichekesho cha mipaka. Mtembeaji anayetoka Lushoto mjini, akapita Bumbuli, akafika Bungu, anaona mlima mmoja na lugha moja. Kiserikali amevuka halmashauri tatu: Lushoto, Bumbuli iliyoanza kujitegemea mwaka 2013, na Korogwe. Kila moja ina baraza lake la madiwani na sheria ndogo zake. Kijana wa Soni anayetaka kuuza safari ya siku nne kwa bei moja inabidi ajue ushuru wa sehemu tatu.

> Karatasi ni zilezile kwa vyumba arobaini na kwa vyumba viwili. Faida ndiyo hailingani.

Serikali yenyewe imekiri tatizo la aina hii. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, uliopitishwa mwaka 2018, ulianza kwa kukubali kwamba mamlaka nyingi zinamkagua mtu mmoja kwa jambo moja. Tozo nyingi zimefutwa au kuunganishwa tangu wakati huo. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa tayari kwenye daftari. Mkulima wa Bungu hayumo kwenye daftari, kwa hiyo kupunguziwa foleni ambayo hajawahi kuipanga hakumgusi.

Wenye gesti nao wana neno

Si kila mtu anafurahia wazo hili, na wanaolipinga si watu wa kubezwa.

Wa kwanza ni wenye nyumba za wageni wa Korogwe, Mombo, Soni na Lushoto. Wamekopa benki, wamejenga, wanalipa ushuru, wanaajiri wahudumu, wanatoa risiti za mashine. Wakiona chumba cha shambani kinauzwa bila hata moja ya hayo, wanauliza kama sheria ni ya wajinga. Ni hoja nzito. Mgeni anayelala Bungu kwa nusu ya bei si lazima awe mgeni mpya. Anaweza kuwa yule ambaye angelala Soni.

Binafsi nadhani hofu yao ni kubwa kuliko hasara yao. Anayetaka televisheni, bia baridi na basi la alfajiri hataifuata kahawa ya kukaanga juu ya mlima usio na lami. Hata hivyo wana haki ya kudai idadi ya vyumba iwekewe kikomo, ili kesho asitokee mtu mwenye vyumba kumi na nane, mbuzi wawili na kibao kilichoandikwa shamba.

Kundi la pili ni wazee wa vijiji na viongozi wa dini. Milima hii ina misikiti na makanisa kila kona, na jina gesti lina sifa mbaya kwa watu wengi, kwa sababu wanajua wanaokodi kwa saa mbili. Hawataki mlango wa namna hiyo ufunguliwe katikati ya nyumba za watu. Wanaliona pia suala la pombe, mavazi na vijana wa kijijini wanaoacha shule kufuata bakshishi za wazungu. Halmashauri zinapozungumza utalii husahau hoja hizi, ilhali kijijini ndizo zinazoamua kama mkutano mkuu utapiga makofi au utanung'unika. Dawa yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mwenye nyumba anayelala chini ya paa moja na mgeni wake, na watoto wake chumba cha pili, ndiye mlinzi wa maadili kuliko kanuni yoyote. Chumba kikitengwa na familia, kikapewa mlango wake wa nyuma na meneja wa kuajiriwa, hapo wazee wana kila sababu ya kuuliza.

Kundi la tatu ni wenye wasiwasi juu ya ardhi, na hapa ndipo ninapokaa nao.

Ardhi ya milimani ni finyu. Familia hugawana vipande hadi mtoto wa nne anarithi matuta machache tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkulima anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa njia maalumu. Sheria iko wazi. Lakini ikijulikana kuwa kitanda chenye mandhari kinalipa kuliko maharage, mtu wa mjini mwenye fedha atampata mkulima mwenye shida ya ada ya shule, na ukingo wa mlima utabadilisha mikono bila hata mgeni mmoja wa nje kuhusika. Mkulima atabaki kuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba lililokuwa la babu yake.

Shamba kwanza

Nchi iliyolifikiria jambo hili mapema ni Italia. Sheria yake ya kwanza ya utalii wa shambani ni ya mwaka 1985, ikaandikwa upya mwaka 2006, na msingi wake ni mmoja: anayelaza wageni lazima awe mkulima, na kilimo lazima kibaki kuwa kazi kubwa kuliko wageni. Kazi ya shamba inapimwa, ya wageni inapimwa, na ya kwanza lazima izidi. Mtu akiacha kulima, anapoteza haki ya kulaza wageni kwa masharti nafuu na anahesabiwa kama mwenye hoteli. Milima ya kaskazini ya nchi hiyo ilikuwa inahamwa na vijana. Ng'ombe na wageni wakasaidiana kubakisha baadhi ya familia.

Jirani zetu Kenya wamekwenda njia nyingine. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 ilianzisha mamlaka ya kusimamia biashara hiyo, na nyumba za familia zinazopokea wageni zikapewa nafasi kwenye usajili kama kundi linalojitegemea. Mkutano wa Africities ulipofanyika Kisumu Mei 2022 na hoteli zikawa hazitoshi, familia za mjini na za vijiji vya jirani ziliandaliwa kupokea wajumbe. Wao walisukumwa na uhaba wa vitanda. Kilimo hakikuwa kwenye hesabu. Lakini walionyesha kuwa nyumba ya kawaida inaweza kukaguliwa, kusajiliwa na kulaza mgeni wa heshima bila kugeuzwa hoteli.

Hata hivyo si lazima tuvuke mpaka kutafuta mfano. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, kisha ikasema jambo ambalo wakulima wa Usambara wanalikumbuka kuliko asilimia hizo: mzigo usiozidi tani moja uvuke kutoka halmashauri moja hadi nyingine bila kutozwa. Mama mwenye matenga yake matatu hakulazimika tena kujieleza kwenye kizuizi. Mwishoni mwa mwaka 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vilikuwa na kasoro zake, na ugawaji wake ulileta malalamiko. Lakini msingi ulikubaliwa na dola yenyewe, kwamba mdogo ana kizingiti chake na hatapimwa kwa mizani ya mkubwa.

> Kama tani moja ya nyanya ilipewa njia yake, vyumba viwili vya shambani haviwezi kukosa.

Tani moja ya kitanda ni ipi? Maoni yangu ni vyumba visivyozidi vitatu, ndani ya makazi ya mkulima mwenyewe au uani kwake, kwenye shamba linalolimwa, na mwenye shamba akiwa mkazi wa kijiji hicho. Fomu iwe moja na ipokelewe kwa mtendaji wa kata, ili karatasi zishuke bondeni zenyewe na mkulima abaki na palizi yake. Bwana afya apande kukagua mara moja kwa mwaka. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri, chenye sakafu inayooshwa na maji ya kunawia karibu, kikubaliwe, maana Bungu kudai choo cha kuvuta maji ni kumnyima jirani wa chini maji ya mfereji. Daftari la wageni liwepo na mtendaji alipige picha kwa simu. Ushuru uwe kiasi maalumu kwa mwaka, kidogo, kijulikanacho. Na halmashauri zote tatu zikubaliane maneno yaleyale.

Halmashauri ina uwezo wa kuanza bila kusubiri Dodoma kwa kila jambo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inairuhusu kutunga sheria ndogo, na hata halmashauri ya kijiji inaweza kutunga za kwake zikaidhinishwa wilayani. Kipande cha wizara ndicho kitakachohitaji mazungumzo. Hofu ya wahasibu wa halmashauri kwamba mapato yatapungua siielewi: kwa sasa noti za chini ya sahani hazilipi hata senti.

Nani anatandika?

Kuna jambo ambalo mijadala ya utalii inayofanyika kumbini hulipita haraka. Mgeni wa shambani analetwa na kijana wa kiume, anakaribishwa na baba mwenye nyumba, na anahudumiwa na mama. Mama ndiye anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto, anayechota maji, anayefua shuka, anayechemsha maziwa. Akimaliza anakwenda shamba, kwa sababu maharage hayajui kama kuna mgeni.

Usambara ina kumbukumbu chungu ya sheria za mashamba zilizoandikwa bila kumuuliza anayeshika jembe. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1946 huko Mlalo, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Washambaa kukata matuta kwenye miteremko ili kuzuia udongo usimomonyoke. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Kazi ikawaangukia wanawake kwa sehemu kubwa, juu ya kazi walizokuwa nazo, kwa faini na vitisho. Watu waligoma, TANU ikapata wafuasi, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Mradi wa baadaye wa Tanzania na Ujerumani, SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulirudi na ujumbe uleule wa kulinda udongo, lakini ukaja na miche ya miti, majani ya malisho na ng'ombe wa kufungiwa zizini. Ule ulipokelewa vizuri zaidi, maana mkulima alipata maziwa na mbolea kwa jasho lake.

Kwa hiyo fomu ya mtendaji wa kata, kama itakuja kuwepo, iwe na nafasi ya majina mawili, la mume na la mke, na sahihi mbili. Namba ya simu ya kupokelea malipo nayo iandikwe kwenye fomu, na isiachwe kwa kijana mwongozaji wala isidhaniwe kuwa ni ya baba. Katika vijiji ambako fedha ya mboga hupitia mkono wa mwanamume kwa sababu ndiye anayekwenda na gari Kariakoo, chumba cha mgeni ni biashara ya nadra ambayo mnunuzi anaifuata hadi mlangoni kwa mama. Halmashauri ikiandika sheria ndogo kumi za usafi na kuisahau namba hiyo ya simu, mama ataongezewa kazi na fedha zitakwenda kwingine. Shuka zikianza kuchelewa kufuliwa, bwana afya asishangae.